Jinsi ya Kufufua Vibao vya Namba vya Kale kwa Magari ya Zamani

Jimbo la California, nchini Marekani, linamruhusu mwenye gari la zamani, likiwa ndani ya mpaka wa miaka uliowekwa na sheria, kulifunga vibao vya namba vilivyotolewa katika mwaka uleule wa modeli ya gari lake, badala ya vibao vya kisasa. Kwa hiyo Chevrolet Impala ya 1964 inaweza kurudi barabarani kihalali ikiwa na vibao vyeusi vyenye herufi za manjano, vya aina iliyoanza kutolewa 1963, na Chevrolet Bel Air ya 1957 inaweza kuvaa vibao vya manjano vyenye herufi nyeusi, vya aina iliyoanza 1956. Shida ni kwamba vibao hivyo mara nyingi vimekaa miaka sitini katika gereji zenye unyevu, vimepigiliwa misumari kwenye kuta za mabanda, au vimetumika kuziba matundu ya uzio, na anayevipata huvipata vimekula kutu, vimepinda na kubabuka rangi.

Mwongozo huu unafuata zaidi vibao vya California vya 1956 na 1963, kwa sababu ndivyo vinavyotafutwa sana na ndivyo vinavyoharibiwa sana na mafundi wenye haraka, lakini hatua zake zinafaa kwa kibao chochote cha bati chenye herufi zilizoinuka. Jambo moja litangulie yote: kibao cha namba ni hati ya serikali iliyogongwa kwenye bati. Kukifufua ni kukirudishia kile ambacho kiwanda kilikipa, rangi ileile, mng'ao uleule, herufi zilezile, bila kuongeza wala kurembesha. Anayetaka tu mwonekano wa kibao cheusi hahitaji kuhangaika, kwa kuwa California ilipitisha mwaka 2012 mpango wa kutengeneza upya vibao vya mtindo wa zamani, na vile vyeusi vya miaka ya 1960 vilianza kutolewa 2015 baada ya kupatikana maombi 7,500 yaliyohitajika. Kufufua ni kazi ya yule anayetaka kibao chenyewe.

Kabla ya kugusa msasa

Anza na karatasi. Namba unayotaka kuitumia isiwe imeshasajiliwa kwa gari jingine, na Idara ya Magari ya jimbo, inayojulikana kwa herufi DMV, ndiyo pekee inayoweza kukuthibitishia hilo. Wauzaji wengi hutangaza kwamba vibao vyao ni safi katika kumbukumbu za idara. Usiwaamini kwa maneno, kaulize mwenyewe kabla ya kutoa fedha. Kwa gari la abiria utahitaji jozi, cha mbele na cha nyuma, vyote vikiwa na namba moja. Kwa kuwa kibao cha 1956 kilitumika hadi 1962 na kile cha 1963 kilitumika miaka kadhaa, mwaka wa gari huonyeshwa na kibandiko kidogo cha rangi kilichowekwa kwenye kona ya juu: gari la 1965 huhitaji kibao cheusi chenye kibandiko cha 1965. Vibandiko halisi ambavyo havijatumika huuzwa na wakusanyaji, na inafaa uvinunue mapema, kwani si ajabu kibandiko cha mwaka adimu kugharimu fedha ambazo hukuziweka kwenye hesabu.

Uliza pia kuhusu kupakwa upya. Ofisi hutazama kama kibao kinasomeka, ni imara, na kina rangi zake za asili. Majimbo mengine ya Marekani yana masharti yao, baadhi yakiwa makali zaidi, na haina maana kumaliza wiki kadhaa kwenye meza ya kazi kisha kukataliwa dirishani.

Swali la mwisho kabla ya kuanza ni kama kazi yenyewe inastahili kufanywa. Kibao ambacho rangi yake ya kiwandani bado ipo kwa sehemu kubwa, hata kama imefifia na ina mikwaruzo, kina thamani zaidi kikiachwa hivyo, kwa macho ya wakusanyaji na kwa maoni yangu pia. Rangi ya kwanza haiwezi kurudishwa ikishaondolewa. Kibao cha namna hiyo kioshwe tu kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na kitambaa laini. Lami ya barabarani hutoka kwa tone la tapentaini kwenye pamba, mradi ujaribu kwanza pembeni. Usitumie tina, kwa kuwa huyeyusha rangi pamoja na uchafu. Ukungu mwembamba wa kutu juu ya rangi huondolewa kwa sufi laini kabisa ya chuma iliyolowa mafuta mepesi, kwa kusugua taratibu bila kukandamiza. Kisha paka nta ya gari, na kazi imeisha. Vibao vingi vinavyopelekwa kupakwa rangi upya vilihitaji hayo tu.

Tambua bati lako

Chukua sumaku. Ikinata, kibao ni cha chuma. Isiponata, huenda ni alumini, na njia nyingi za kuondoa kutu na rangi zitakazoelezwa hapa chini zitakiharibu. Usikisie kwa macho wala kwa uzito, maana bati jembamba la chuma na la alumini hudanganya mkono.

Vibao vya zamani zaidi havikuwa bati la rangi kabisa. Massachusetts, jimbo la kwanza kutoa vibao lenyewe, lilianza 1903 na vibao vya chuma vilivyofunikwa kaure, na California nayo ilipoanza 1914 ilitumia kaure hadi mwisho wa mwongo huo. Kaure ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma katika tanuri, na hakuna rangi ya kopo inayoweza kuiga kina cha mng'ao wake. Kibao cha kaure kilichomeguka kioshwe, kikaushwe, pale palipo wazi pazuiwe kutu kwa nta, kisha kiachwe. Kukipaka rangi ni kukiua.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili chuma kilipoadimika, Illinois ilitoa, kuanzia 1943 hadi 1948, vibao vilivyotengenezwa kwa nyuzi zilizoshindiliwa pamoja na soya, na habari za mifugo iliyokula vibao hivyo zimesimuliwa tangu siku hizo. Kibao cha aina hiyo kikiloweshwa huvimba na kupasuka matabaka, kwa hiyo kisafishwe kwa brashi kavu laini tu.

Sumu iliyo ndani ya rangi

Chukulia kila rangi ya kibao cha kabla ya miaka ya 1980 kuwa ina risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi za risasi kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978, na rangi za manjano za katikati ya karne iliyopita mara nyingi zilipata ukali wake kutoka katika kromati ya risasi, ambayo ina madini mawili yenye sumu kwa pamoja. Vumbi lake halina harufu, na mtoto anayetambaa kwenye sakafu ya gereji hulipata kabla yako.

Kwa hiyo usipige msasa mkavu, usitumie brashi ya waya inayozungushwa na mashine, na usichome rangi kwa moto. Tumia msasa wa maji, ukiuweka mvua muda wote. Vaa glavu za mpira na barakoa yenye vichujio vya chembe ndogo kabisa, si ile ya kitambaa. Tandika karatasi ya plastiki chini, futa meza kwa matambara mabichi badala ya kufagia, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Matope ya rangi yasimwagwe kwenye mfereji. Yafungwe kwenye chombo na yapelekwe mahali ambapo manispaa hupokea taka zenye sumu.

Kunakili kabla ya kufuta

Piga picha za pande zote mbili, kwenye mwanga wa jua, zikiwa za karibu kiasi cha kuonyesha kingo za herufi. Tafuta mahali ambapo jua halikufika: chini ya kichwa cha boliti, chini ya vibandiko, chini ya fremu, au nyuma ya kibao. Hapo ndipo rangi ya kweli ilipojificha. Manjano ya California yaliyochomwa na jua hugeuka kuwa rangi ya maziwa, na anayenakili rangi hiyo iliyofifia hupata kibao kisichofanana na kilichotoka kiwandani. Peleka kibao chenyewe kwenye duka linalochanganya rangi za magari ili walinganishe na sehemu hiyo, kwani picha ya simu hubadilisha rangi.

Kuondoa rangi na kutu

Kwa kibao cha chuma, rangi huondolewa kwa dawa ya kubandua ya jeli inayouzwa madukani. Dawa zenye kloridi ya metilini, zilizokuwa kali na za haraka, haziuzwi tena kwa wateja wa kawaida nchini Marekani tangu 2019 kwa sababu mvuke wake umewaua watu. Zilizopo sasa huchukua saa kadhaa, na uvumilivu huo unafaa. Paka kwa unene, funika kwa plastiki ili isikauke, kisha kwangua kwa kipande cha plastiki au mti. Ndani ya kona za herufi tumia mswaki. Magadi makali ya kubandulia, yaani sodiamu hidroksidi, hufanya kazi nzuri kwenye chuma, lakini huitafuna alumini mbele ya macho yako.

Kutu ina njia tatu zinazotegemewa. Ya kwanza ni kulowesha kibao kwenye dawa isiyo na asidi inayokamata kutu bila kugusa chuma kizima. Kibao hukaa humo usiku kucha au siku nzima, kikiwa kimezama chote, kwa kuwa kilichochungulia juu ya maji huchorwa mstari usiofutika. Hii ndiyo ninayompendekezea anayeanza. Ya pili ni asidi: siki au jeli yenye asidi ya fosfori. Asidi hula kutu na ikisahaulika hula bati pia, kwa hiyo kibao kikaguliwe kila mara na hatimaye kisuuzwe kwa maji yenye magadi ya kuokea.

Njia ya tatu ni umeme, na kwa kibao kilichooza sana haina mpinzani. Jaza ndoo ya plastiki maji na yeyusha ndani yake soda ya kufulia, ambayo ni ndugu wa karibu wa yale magadi yanayotolewa Ziwa Magadi nchini Kenya, kiasi cha kijiko kimoja kikubwa kwa kila lita nne. Tundika kibao upande mmoja na kipande cha nondo ya kawaida upande mwingine, bila kugusana. Unganisha waya hasi wa chaja ya betri ya volti 12 kwenye kibao na waya chanya kwenye nondo. Ukikosea hapa, kibao ndicho kitakacholiwa na nondo ndiyo itakayosafishwa. Mapovu yataanza mara moja, na baada ya saa kadhaa kutu itakuwa imegeuka tope jeusi linalofutika kwa brashi. Usitumie chuma kisichoshika kutu badala ya nondo, kwani hutoa kromiamu yenye sumu ndani ya maji. Mapovu hayo ni pamoja na gesi ya hidrojeni, inayolipuka, kwa hiyo kazi ifanyike nje au penye upepo, mbali na moto, na chaja izimwe kabla ya kushika waya wowote. Alumini haiingii kwenye ndoo hii hata kidogo.

Kibao kikitoka kwenye dawa yoyote kati ya hizi, chuma chake kiko uchi na kutu mpya inaweza kuanza ndani ya dakika chache. Kisuuze, kifute, kikaushe kwa hewa ya moto, na kipate praima, yaani tabaka la kwanza la kushikisha rangi, siku hiyohiyo.

Kunyoosha

Hapa ndipo vibao vingi hupotea. Anayepiga nyundo juu ya uso wa kibao husawazisha bati na papo hapo hulaza herufi, na herufi iliyolala haipokei rangi ya rola. Laza kibao kifudifudi juu ya zulia nene au blanketi lililokunjwa. Mikunjo mikubwa isukume kwa mikono kwanza, kisha ipige taratibu kwa nyundo ya mpira, ukipita katikati ya herufi na si juu yake. Mkunjo mrefu unaokatiza herufi hutengenezwa kwa kipisi cha mti mgumu kilichochongwa ncha ya duara, kinachoingia ndani ya mfereji wa herufi kwa nyuma na kugongwa kidogo kidogo hadi herufi iinuke tena. Ukingo uliopinda urudishwe kwa koleo lililofungwa ngozi ili meno yake yasiache alama.

Matundu ya misumari na boliti za ziada yanaweza kuchomelewa na fundi wa bodi mwenye mkono mwepesi, akiweka kipande cha shaba nyuma ili kupokea joto, maana bati hili ni jembamba na hupinda kwa joto kidogo tu. Asiye na fundi wa namna hiyo abandike kipande chembamba cha bati kwa nyuma kwa gundi ya epoksi yenye unga wa chuma, kisha asawazishe mbele kwa msasa wa maji. Matundu manne ya awali ya boliti yasizibwe.

Vishimo vya kutu vinaweza kujazwa fila ya magari, lakini kwa uchache. Kibao kilichojazwa fila uso mzima hupoteza kingo kali za herufi na huonekana kama kitu cha plastiki. Vishimo vichache vinavyoonekana kwa karibu havimdhuru mtu.

Rangi ya chini, kisha herufi

Futa mafuta yote kwa tapentaini au spiriti, yaani pombe ya kusafishia, na usiguse tena uso kwa vidole. Paka praima inayoshika chuma, tabaka jembamba, kisha rangi ya chini: nyeusi kwa kibao cha 1963, manjano kwa kile cha 1956. Puliza matabaka mawili au matatu membamba badala ya moja zito, kwa kuwa rangi nzito hujaza mifereji ya herufi na kuzifanya zionekane za duara. Paka na nyuma pia.

Baada ya hapo, subiri. Rangi ya mafuta huonekana kavu baada ya saa chache huku ndani ikiwa bado mbichi, na kibao kinahitaji angalau wiki moja kwenye chumba chenye joto, zaidi wakati wa baridi. Sababu ni hii: ukikosea wakati wa kupaka herufi, utahitaji kulifuta kosa kwa kitambaa chenye tapentaini, na rangi ya chini iliyokomaa itastahimili kufutwa huko, ilhali ile mbichi itatoka pamoja na kosa. Wengine hutumia rangi ya magari yenye kigumuishi kwa ajili ya tabaka la chini, na kwa wenye vifaa vya kuipuliza kwa usalama ni chaguo bora.

Herufi hazichorwi kwa brashi wala kuzungushiwa utepe. Kiwandani zilipitishwa chini ya rola iliyogusa sehemu zilizoinuka tu, na nyumbani inafanywa vivyo hivyo. Tafuta rola ngumu ya mpira, ile wanayotumia wachapaji wa michoro ya mbao, yenye upana unaozidi urefu wa herufi. Mimina kidogo rangi nzito ya mafuta, ya aina inayotumiwa na waandishi wa vibao vya matangazo, juu ya kipande cha kioo. Izungushe rola juu ya kioo hadi rangi isambae tabaka jembamba na sauti ya kunata isikike sawasawa kila upande. Rangi ikiteleza badala ya kunata, ni nyingi mno.

Laza kibao mahali palipo sawa kabisa. Pitisha rola kwa urefu wa kibao, kutoka ncha moja hadi nyingine, kwa uzito wake yenyewe, mkono ukiongoza tu. Usikandamize hata pale herufi inapokataa kushika rangi. Kukandamiza huishusha rola hadi kwenye bati la chini na kuacha doa. Mpito wa kwanza utaacha mapengo, na hilo ni la kawaida. Acha likauke, urudie kesho yake. Nyeusi juu ya manjano hufunika upesi, lakini manjano juu ya nyeusi ni ya kusumbua, nayo huhitaji mipito mitatu au zaidi. Njia nzuri ni kutanguliza mpito wa nyeupe, kuuacha ukauke kabisa, kisha kupitisha manjano juu yake. Palipobondeka, ambapo rola haifiki, jazia kwa brashi nyembamba ukishikilia mkono juu ya kipande cha mti ili usitetemeke. Neno CALIFORNIA lililo juu, kwa kuwa herufi zake ni ndogo na mwinuko wake ni mfupi, lipitishwe peke yake kwa rola nyembamba yenye rangi pungufu kuliko kawaida.

Kibao cha mbele na cha nyuma vipakwe siku moja kwa rangi iliyochanganywa kwenye kopo moja. Tofauti ndogo isiyoonekana kwenye meza huonekana mara moja gari likiwa juani.

Siungi mkono kumwagia vanishi inayong'aa juu ya kazi iliyokamilika. Vanishi ya kupulizia inaweza kukunjamanisha rangi ya mafuta ambayo haijakomaa, nyingine hugeuka njano kwa miaka, na zote hukipa kibao mng'ao ambao hakikuwa nao kilipotoka kiwandani. Nta, mara moja kila baada ya miezi michache, inatosha.

Kukifunga kwenye gari

Subiri majuma mawili baada ya mpito wa mwisho kabla ya kubandika kibandiko cha mwaka, la sivyo gundi yake itang'oa rangi. Hakikisha umesafisha kona ile kwa pombe na umepima mahali pa kibandiko kwa kutumia zile picha ulizopiga mwanzo, maana kibandiko cha zamani kikishashika hakitoki kikiwa kizima.

Tumia boliti zisizoshika kutu zenye ringi za nailoni pande zote mbili za bati, ili chuma kisisugue rangi wala unyevu usikae chini ya kichwa cha boliti. Bandika vipande vidogo vya mpira nyuma, kwenye pembe zote nne, kibao kisigongane na bampa gari linapotikisika. Kaza hadi kibao kitulie, na usiongeze hata robo ya mzunguko, kwa kuwa bati hupinda kuzunguka tundu na rangi mpya hupasuka hapo kwanza. Fremu ya mapambo iachwe, hasa ikiwa inafunika jina la jimbo au kibandiko, na taa ndogo ya kibao cha nyuma ihakikishwe inawaka. Baada ya mvua ya kwanza, fungua boliti, tazama nyuma ya kibao kama maji yalituama, na ukiona dalili hiyo ongeza unene wa vipande vya mpira vya chini ili hewa ipite.